Mugumo wa Dirishani

Anayesema Nairobi haina kipupwe hajawahi kukaa mtaa wa Jericho mwezi wa Julai. Jua lilikuwa likipotea wiki nzima, rasharasha haikati, na sakafu ya saruji inakupandishia baridi hadi magotini hata ukivaa soksi mbili. Sisi watu tulikuwa tumeizoea. Uliokuwa bado kuizoea ni mti wangu.

Ulikuwa mti kamili, wenye shina la kikongwe, matawi na majani, ila haukuzidi urefu wa kutoka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Niliachiwa na mwajiri wangu wa kwanza, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka la kushonea nguo Eastleigh, pale familia yake ilipofunga biashara na kuhamia ng'ambo. Wenzangu waliachiwa cherehani. Mimi nikaachiwa chungu. Nilinuna, sifichi, kwa sababu cherehani ningeitumia. Lakini mwanamke huyo alikuwa ameung'oa mti huo ungali mche, kwenye ufa wa ukuta nyuma ya duka, akaupunguza mizizi, akauviringishia nyaya za shaba ili matawi yaelekee alikotaka yeye, na miaka nenda miaka rudi akaukatalia kurefuka. Aliuita bonsai. Siku ya kuniachia alinishika mkono akalia, akaniambia, "Baridi ikikuja, weka ndani, karibu na dirisha. Upepo mbaya sana kwake. Maji kidogo, kila asubuhi." Nikajua amenipa kitu alichokipenda kuliko cherehani.

Kwa hiyo kila Juni ikielekea ukingoni niliutoa barazani, nikauweka juu ya meza ndogo ya sebuleni, chini ya dirisha. Madirisha yetu ya kaunsili yalikuwa ya chuma, hayafungi sawasawa, upepo unapiga mluzi. Nilikata magazeti ya zamani nikaziba kila mwanya. Mume wangu aliniambia kwamba mke wa mtu hulea watoto, si miti. Nilimwambia akiniletea mtoto nitamlea. Tulikuwa bado tunacheka mambo hayo wakati huo, mwaka wa pili wa ndoa.

Yeye alikuwa karani wa ghala kule Industrial Area, mtu wa Murang'a. Mimi ni binti wa Machakos, baba yangu mchonga vinyago. Kwetu mti ni mti: unaukata, unauchonga, unauuza, unapanda mwingine. Hilo ndilo jambo ambalo mama mkwe wangu hakupata kunisamehe, ingawa ilituchukua mwezi mzima kulifikia.

Alikuja mjini kutibiwa macho. Alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, aliyeokoka zamani sana, na aliyekuwa na njia yake ya kuangalia nyumba ya mtu kana kwamba anaikagua kabla ya kuinunua. Tulimtandikia kitanda sebuleni, nyuma ya pazia. Tulizungumza Kiswahili kwa sababu Kikuyu na Kikamba tulisikizana nusunusu tu, na nusu isiyosikika ndiyo huleta ugomvi. Alikunywa chai, akasifu chai. Kisha akauona mti.

Aliinuka, akausogelea. Akavunja kikonyo cha jani moja. Utomvu mweupe ukatoka, akausugua kati ya vidole, akanusa.

"Hii ni mugumo," akasema.

"Ni mti wa mapambo tu, Mama."

"Mugumo mimi naijua. Nani aliifunga na waya?"

Nikamweleza habari za bonsai. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikia maneno yangu yakiharibika. Kukata mizizi. Kuunyima udongo. Kuufunga. Alinisikiliza mpaka mwisho, akarudi kitini, akakigeuza kiti kidogo ili asiuone.

"Mimi nimeokoka," akasema. "Hiyo maneno ya miti niliacha. Lakini mugumo hailetwi ndani ya nyumba. Ikikufa huko ndani..." Akamtazama mwanawe.

Mume wangu alinieleza jikoni, kwa sauti ya chini. Zamani kwao hakuna aliyethubutu kuukata mugumo, mtini mkubwa wa porini. Watu waliomba chini yake. Ukianguka wenyewe, wazee walikusanyika kwa hofu, kwa maana waliamini mkubwa wa pale naye ataanguka.

"Na mkubwa wa hapa ni nani?" nikauliza.

"Si mimi?" akasema, akacheka. Lakini chai yake hakuimaliza.

Wiki hiyo tulijadiliana mpaka tukachoka. Mama alitaka mti utoke. Mimi nikasema ukitoka kwa baridi ile utakufa, na si hicho anachokiogopa? Mume wangu, ambaye kazi yake maishani ilikuwa kutafuta katikati ya mambo, akatoa hukumu: mti utakaa dirishani hadi Julai iishe, halafu Agosti ataupeleka Murang'a mwenyewe, aufungue nyaya, aupande kando ya mto kwenye shamba la mama yake. Huko uwe mkubwa upendavyo. Mimi nilikubali kwa shingo upande, maana mti wangu ukipandwa mtoni haungekuwa tena mti wangu. Lakini heri uwe hai mbali nami kuliko kufa mbele yangu. Ilibaki kuuvusha Julai.

Sasa nikwambie jinsi nilivyofikiri, ili uelewe yaliyofuata. Sikuamini hata kidogo kwamba yule mama anaogopa. Mtu aliyeokoka, anayeamka alfajiri kuimba nyimbo za dini mpaka majirani wanapiga ukuta, aogope kimti cha kwenye chungu? Niliona ametafuta fimbo ya kumchapia mke wa kutoka Ukambani, akaipata. Mti ukifa mikononi mwangu angesema, si niliwaambia.

Na mti ukaanza kufa.

Kwanza majani mawili matatu ya manjano. Hayo hayakunitisha, mti ukihamishwa hunung'unika kidogo. Kisha majani yakaanza kuwa ya kahawia kingoni, yakijikunja, na yote yalikuwa ya upande mmoja, upande wa ndani ya chumba. Yale yanayogusa kioo yalikuwa mazima. Ningeelewa kama baridi ingeyaua ya dirishani. Hii ilikuwa kinyume. Halafu udongo. Niliumwagilia asubuhi kabla ya kwenda kazini, na nikirudi jioni nautia kidole naukuta mkavu, umejitenga na kingo za chungu. Mwezi wa Julai, ambapo hata shati ulilolifua Jumapili linakauka Jumatano!

Nilikuwa naondoka asubuhi na mume wangu. Nyumbani alibaki mtu mmoja.

Nikaanza kumchunguza. Aibu ninayo sasa, wakati huo sikuwa nayo. Nilipekua chini ya kitanda chake kutafuta chumvi. Niliangalia birika kama lina maji ya moto. Mchana alikuwa akichemsha githeri ya mahindi na maharagwe jikoni kwa jiko la makaa, alisema ya stovu haina ladha, na hilo sikulijali. Nililojali ni kwamba nikirudi jioni nilimkuta amejilaza, pazia limevutwa, hataki kuongea. Nikipakua chakula anasukuma sahani.

"Kichwa inaniuma," anasema.

Mama mkwe kukataa chakula cha mkaza mwana, siku baada ya siku, si jambo dogo. Ni sawa na kusimama sokoni na kusema kwa sauti kwamba hanifai. Mume wangu alikula huku akiangalia sahani yake tu. Nilikuwa nikiosha vyombo kwa kishindo ili wote wawili wasikie.

Jioni moja nilivua begi begani, nikaenda moja kwa moja dirishani, na tawi la chini lilikuwa uchi. Majani yote yalikuwa mezani. Niliyakusanya mkononi, nikaja nayo wakati wa chakula.

"Mama," nikasema, "kuna mtu anamwagia mti wangu maji moto."

Mume wangu aliacha tonge hewani. "Ati nini?"

"Majani yameungua. Upande mmoja. Na mchana humu hubaki mtu mmoja."

Mama mkwe alinitazama kwa yale macho yake mabovu yaliyokuwa mekundu siku hizo, nami nikadhani ni hasira. "Mimi sijamwagia kitu maji moto," akasema polepole. "Wala mti. Wala mtu."

"Basi ni shetani."

"Shetani hachezewi, wewe msichana."

"Wacha hiyo maneno," mume wangu akaniambia. "Sasa unamwita mama yangu mwongo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Sijamwita. Nimeuliza habari ya mti."

"Mti, mti! Kesho nitaitupa hiyo takataka kwa pipa!"

"Hapana!" akasema mama mkwe.

Alisema kwa nguvu mpaka sote tukamgeukia. Kisha akashika kichwa, akainuka kwa kujishikilia ukuta, akaenda nyuma ya pazia lake. Nililiona neno lile "hapana" kama ujanja mwingine, kwamba hataki mti utupwe na mtu mwingine, anataka ufie palepale ili uwe shahidi dhidi yangu. Ndivyo hasira ilivyo, inapindisha kila kitu kuelekea kwake.

Siku zilizofuata tuliongea kupitia mwanawe. Mwambie mkeo maji yameisha. Mwambie mama maji nimechota. Mume wangu alianza kuchelewa kurudi, na akirudi anakaa na gazeti mbele ya uso. Nilijua kabisa kwamba mti ukifa yule mama ataondoka akiwa amenishinda, na mwanaume huyu atakuwa upande wake maisha yake yote. Nikaamua nimfumanie kabla ya hapo.

Nilimdanganya msimamizi wangu wa karakana ya kushona kwamba ninaitwa kliniki. Saa tisa nilikuwa nakata kona ya nyumba zetu. Manyunyu yalikuwa yakianguka na hapakuwa na mtu nje isipokuwa jirani yangu, mama mmoja wa kuuza mandazi, aliyekuwa anaanua nguo ambazo hazikuwa zimekauka. Nilijiwekea kidole mdomoni ili anyamaze. Nikanyatia hadi dirishani kwangu kama mwizi wa kuku.

Mapazia yalikuwa yamefungwa mchana kweupe. Kati yake palikuwa na mwanya, nikatia jicho.

Jiko lilikuwa sakafuni, karibu na meza ya mti, limejaa makaa mekundu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda mbele yake, amejifunga blanketi. Chini ya mlango alikuwa ametia gunia. Mkono wake mmoja ulikuwa umekizunguka chungu, na paji la uso wake lilikuwa limeegemea ukingo wa meza.

La kwanza lililonijia ni: nimekushika. Leo umeshikwa.

Nikagonga kioo. Nikagonga tena kwa ngumi. Kichwa chake hakikuinuka.

Hapo ndipo miguu yangu ilipojua kabla ya akili. Makaa, gunia, magazeti niliyozibia mianya mimi mwenyewe. Nilikimbilia mlango, umefungwa kwa komeo ndani, maana aliogopa wezi wa mjini kuliko alivyomwogopa ibilisi. Nikapiga kelele. Jirani akatupa nguo zake matopeni. Nikachukua jiwe nikavunja kioo. Hewa iliyotoka humo ilikuwa ya joto, nzito, haina moshi wala harufu ya maana.

Dirisha na mlango vilikuwa bega kwa bega. Mkono uliweza kupita kati ya vyuma na kulifikia komeo, lakini meza ilikuwa imesukumwa karibu mno na dirisha na chungu kilikuwa katikati ya mkono wangu na mlango. Niliusukuma mti. Sikufikiri, au nilifikiri upesi mno kiasi cha kutojisikia. Niliusikia ukianguka, chungu kikipasuka, na kigae kimoja kikibingirika sakafuni muda mrefu. Nikavuta komeo. Mkono ulichanika na kioo, alama ninayo.

Tulimburura nje kwa makwapa, mimi na jirani, tukamlaza barazani kwenye mkeka, manyunyu yakimpiga usoni. Alikuwa mwepesi kupita nilivyodhani. Nilimpiga makofi mashavuni nikimwita Mama, Mama, Mama, mimi niliyekuwa sijamwita hivyo siku kadhaa. Jirani alikuwa anaomba kwa sauti na huku akimpepea kwa sinia la mandazi. Kisha mama mkwe akavuta pumzi iliyokwaruza, akageuka upande, akatapika.

Nilikaa chini.

Alifungua macho, akaona tuko nje, akaona dirisha lililovunjika.

"Funga dirisha," akasema. Ulimi ulikuwa mzito. "Mti itashikwa na baridi."

Nilikuwa nimeelewa yote kwa mara moja, nikawa sina pa kuyaweka. Jirani akaleta maziwa, maana ndiyo dawa tuliyoijua ya mtu aliyevuta hewa ya makaa, akamnywesha kidogokidogo. Kati ya kumeza na kutapika, mama mkwe akaniambia, akitazama kando, kwamba kila siku tukishaondoka alikuwa akiuletea jiko. Aliona majani yanaanguka. Akaongeza makaa. Yakaanguka zaidi, akaziba chini ya mlango, akakaa nao mchana kutwa asije akasahau moto ukazima.

"Mbona hukusema, Mama?"

"Ningesema nini?" Alikuwa na hasira, na macho yalikuwa yanamtoka machozi. "Mimi mtu wa Yesu, nawashia mugumo moto? Wewe ungecheka. Na nina mtoto mmoja tu mwanaume."

Nisingecheka. Au labda ningecheka. Niliinuka kwenda kumchukulia nguo kavu, na mlango ukafunguka wote, naye akatupa macho ndani. Mti ulikuwa umelala sakafuni kwa ubavu, mizizi nje, vigae vimeuzunguka, na tawi moja kubwa limevunjika.

Hakupiga kelele. Alisema kitu kimoja kwa Kikuyu, na nusu hiyo niliisikia vizuri kabisa. Alisema, umeanguka.

"Nimeuangusha mimi, Mama. Haukuanguka wenyewe. Nilikuwa natafuta komeo."

"Saa ngapi?"

"Nini saa ngapi?"

"Yeye hutoka kazi saa ngapi?"

Nilimwambia kumi na moja. Nikamwambia pia kwamba tunakwenda zahanati sasa hivi, na jirani akasema vivyo hivyo. Alikataa. Tulijaribu kumwinua, akashika nguzo ya baraza. Akasema atakaa palepale mpaka amwone mwanawe akija na miguu yake. Nilimvisha koti langu na blanketi juu yake. Niliingia ndani, nikamwaga makaa uani, nikaukusanya mti na udongo wake nikautia kwenye sufuria ya kupikia wali, nikaushindilia kwa vidole, nikaumwagia maji. Damu yangu ilikuwa inadondokea udongoni. Kisha nikatoka nikakaa naye.

Saa kumi na moja ikapita. Watu wakaanza kumiminika kutoka upande wa Jogoo Road, wanaume wa makoti ya kijivu, vichwa vimeinama kwa sababu ya manyunyu. Kila mmoja alikuwa yeye mpaka alipokaribia. Mama mkwe alikuwa anawahesabu kwa midomo, au anaomba, sijui. Nilitaka kumwambia kwamba siku hizi huchelewa, kwamba anachelewa kwa sababu yetu sisi wawili, lakini nami nilikuwa nimeanza kuwahesabu. Nilianza kukumbuka malori ya Industrial Area yanavyorudi nyuma bila kuangalia. Nikakumbuka rafu za ghala lao, jinsi alivyowahi kuniambia zimepangwa juu mno. Mimi, binti wa mchonga vinyago.

Njia ikaanza kuwa tupu. Jirani alirudi kwake kupika. Mkono wa mama mkwe ukatoka ndani ya blanketi ukashika wangu, ule uliochanika, akaubana mpaka ukauma, nami sikuuondoa.

Alitokea kwenye kona ya mwisho, polepole, gazeti juu ya kichwa, mkate kwapani. Tulisimama wote wawili. Alipotuona alikaza mwendo, uso umeshaanza kukunjika, kwa kudhani tumepigana.

"Mbona mmekaa baridi hivi? Na hiyo dirisha imefanya nini?"

Mama yake alimshika uso kwa mikono miwili, akampapasa paji, mashavu, shingo, yeye akisema, "Mama, watu wanaona." Nami nilikuwa nimeshamzunguka kwa nyuma, nikimbonyeza mgongo kwa kiganja kupitia lile koti lililolowa, nihakikishe kuna mtu ndani.